Maji ya Bahari Kwenye Kidonda cha Mayunga

Kwandu alirudi kijijini Dutwa siku ya Jumapili. Kufikia Jumatatu jioni, hakuna jirani aliyekuwa hajasikia habari za bahari.

Alikuwa amekwenda Dar es Salaam kumwona binti yake Lucy, aliyejifungua mtoto wa kwanza. Kwandu ana miaka hamsini na sita. Ni mjane, na amelima pamba tangu utotoni. Ziwa analijua vizuri, maana Lamadi, ufukweni mwa ziwa, si mbali. Bahari alikuwa hajawahi kuiona.

"Bahari ni kama ziwa?" aliuliza Domitila. Domitila ni mke wa Mayunga, mdogo wake Kwandu. Wote wanaishi kaya moja.

Kwandu alicheka. "Kama ziwa! Wifi, maji ya ziwa unakunywa. Ya bahari ukionja tu, unatema. Chumvi tupu! Tena yanaondoka na kurudi. Asubuhi yako hapa, mchana yameshakwenda kule."

"Yanakwenda wapi?"

"Hilo sikuuliza," Kwandu alisema, kisha akabadilisha mazungumzo.

Joto la Dar es Salaam lilikuwa limemtoa vipele mgongoni. Mama mmoja wa huko alimshauri aoge baharini. Kwandu alioga siku tatu, na vipele vikakauka. Tangu hapo humwambii kitu kuhusu bahari. Siku ya kuondoka alichota maji kwenye dumu la lita tano. Lucy alicheka, lakini hakubishana na mama yake. Dumu likasafiri kwenye buti la basi, pamoja na mizigo na joto lake, mpaka Dutwa.

Alipofika, Kwandu aligawa maji yale kwenye chupa za soda. Chupa moja alimpa jirani yake Ng'washi, aliyekuwa amepata mjukuu mchanga. Nyingine alimpa Maganga, anayeleta samaki kutoka Lamadi na kuwauza kwa baiskeli. Mikono ya Maganga haikosi michubuko ya miiba ya samaki. Maji yaliyobaki Kwandu aliyaweka chini ya kitanda.

"Samaki wa chumvi haozi," alikuwa akiwaambia watu. "Basi na kidonda cha chumvi hakiozi."

Ukilisikia haraka haraka, unaona ni neno la akili. Watu walitikisa vichwa na kukubali.

Jumanne mvua ilikuwa imelainisha ardhi. Mayunga alitoka mapema na maksai wake kwenda kulima shamba la pamba. Alipofika mwisho wa tuta, ng'ombe mmoja alishtuka akavuta kwa nguvu. Mayunga aliteleza. Chuma cha plau kikampiga kwenye muundi wa mguu wa kulia.

Alirudi nyumbani akichechemea. Jeraha halikuwa kubwa. Lilikuwa na urefu wa kidole, na lilikuwa limejaa udongo.

"Twende zahanati wakusafishe," alisema Domitila.

"Zahanati ya nini?" Kwandu aliuliza. Alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na dumu. "Dawa iko hapa nyumbani. Kaa chini, Mayunga. Nyoosha mguu."

Domitila alimletea mumewe kigoda. Kwao, dada mkubwa wa mume si mtu wa kubishana naye mbele ya mume.

Kwandu alimimina maji ya bahari kwenye kidonda. Mayunga aliuma meno.

"Inachoma, dada!"

"Ikichoma ndiyo inafanya kazi. Wewe mwanaume gani?"

Aliloweka kipande cha kanga cha zamani kwenye maji yale yale, akafunga kidonda. Kisha akaenda zake kupika, ameridhika kabisa. Alimpenda mdogo wake huyo. Mama yao alipofariki, Mayunga alikuwa na miaka minne, na Kwandu ndiye aliyembeba mgongoni.

Jumatano asubuhi Mayunga hakutoka kukamua ng'ombe. Domitila alimkuta kitandani akitetemeka, ingawa alikuwa wa moto. Akamwita wifi yake.

Walikifungua kile kitambaa. Mguu ulikuwa umevimba kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na goti. Ngozi ilikuwa nyekundu na inang'aa. Pembeni ya kidonda palikuwa na malengelenge mawili makubwa, na ndani yake majimaji meusi.

"Usiguse!" Mayunga alipiga kelele kabla hata hajaguswa.

Moyo wa Kwandu ulishtuka. Lakini mdomo wake ulisema maneno mengine. "Ni dawa inatoa uchafu. Ngoja tuongeze."

Alikuwa anainua dumu wakati salamu ya Kisukuma iliposikika uani.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, baba!" Kwandu aliitikia, na haraka akalisukuma dumu nyuma ya mlango.

Alikuwa Salvatory, mhudumu wa afya wa kijiji. Kila wiki hupita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, anaulizia watoto, vyandarua na vyoo. Domitila hakusubiri salamu ziishe. Alimshika mkono akamwingiza ndani.

Salvatory aliutazama ule mguu. Hakuugusa. "Umeumia lini?"

"Jana asubuhi," Mayunga alijibu.

"Jana tu, na leo uko hivi? Huyu hasubiri kesho. Hasubiri hata chai. Kidonda kidogo kikiuma kupita ukubwa wake, kikivimba haraka, kikatoa malengelenge, na mtu akapata homa, hiyo ni hatari." Alitoa simu yake. "Zahanati watamwandikia rufaa tu. Twende moja kwa moja Bariadi mjini, hospitali. Mliweka nini kwenye kidonda?"

"Tulikiosha tu," alisema Kwandu.

Domitila alitazama chini.

Salvatory alipata gari la jirani lililokuwa linapeleka mahindi mjini. Walimlaza Mayunga kwenye magunia. Njia nzima Kwandu alishika kichwa cha mdogo wake, na njia nzima alijiambia kwamba maji hayana kosa.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Milembe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole. Alimwekea Mayunga dripu. Alitoa kalamu akachora mstari kwenye ngozi, kufuata mpaka wa wekundu.

"Huu ni wa nini?" Kwandu aliuliza.

"Nataka kujua ugonjwa unatembea au umesimama, mama."

Baada ya nusu saa alirudi. Wekundu ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa vidole viwili.

Daktari aliwaita Kwandu na Domitila pembeni. Salvatory naye alikuwepo. "Nisikilizeni vizuri," alisema. "Tumeanza dawa. Lakini vijidudu viko vya aina nyingi, na si kila dawa inaviweza vyote. Nataka kujua hiki kidonda kiliguswa na nini. Maji ya kisima? Ya mto? Ya lambo? Kuna aliyepaka kinyesi cha ng'ombe, au unga wa betri? Sitamgombeza mtu. Nataka kujua tu."

Domitila alimtazama wifi yake, kisha akasema taratibu, "Maji ya bomba, daktari."

Alisema uongo kwa heshima. Hakutaka kumwaibisha wifi yake mbele ya watu.

"Sawa," daktari alisema. "Leo tutampeleka chumba cha upasuaji tusafishe nyama iliyokufa. Lakini niwaambie ukweli. Kama ugonjwa hautasimama, itabidi tuukate mguu ili tuokoe maisha yake."

Akageuka kuondoka.

Kwandu alimtazama anavyokwenda. Alifikiri: huyu daktari atawaza kisima, atawaza lambo, atawaza ziwa. Atawaza kila maji ya Simiyu. Bahari ataiwazaje, wakati iko mwendo wa siku nzima kwa basi? Nisiposema mimi, hakuna wa kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa anayeficha ni mimi, na atakayekufa ni Mayunga.

"Daktari!" aliita kwa sauti kubwa. Watu wote kwenye benchi walimgeukia. "Si maji ya bomba. Ni maji ya bahari. Niliyaleta mimi mwenyewe kutoka Dar es Salaam, kwenye dumu. Nikammiminia."

Daktari Milembe alisimama. "Maji ya bahari? Hapa Bariadi?"

"Ndiyo. Nilidhani chumvi itamponya." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nigombeze tu, daktari. Nastahili."

Daktari hakumgombeza. Alimwita muuguzi, wakazungumza haraka. Wakaongeza dawa nyingine kwenye dripu. Walichukua majimaji ya kidonda kupeleka maabara, na kwenye fomu daktari aliandika wazi: kidonda kimeguswa na maji ya bahari. Walimpima Mayunga sukari pia, wakakuta iko juu sana. Alikuwa na kisukari na hakuna aliyekuwa anajua. Domitila alikumbuka kwamba siku hizi mumewe alikuwa anakunywa maji sana na kutoka nje kukojoa mara nyingi.

Mayunga alipoingizwa chumba cha upasuaji, daktari alikaa na Kwandu dakika chache tu.

"Mama, umenisaidia sana," alisema. "Nisingeliwaza hilo."

"Lakini daktari, mbona samaki wa chumvi haozi?"

"Samaki wa chumvi amewekewa chumvi nyingi, mpaka amekauka. Chumvi ya baharini ni kidogo kuliko hiyo. Sasa nikuulize, baharini kuna samaki wanaoishi?"

"Tele."

"Chumvi inawaua?"

Kwandu alifikiri. "Haiwaui. Ndiyo kwao."

"Basi na vijidudu vya baharini hivyo hivyo. Chumvi ndiyo kwao. Maji yakiwa ya uvuguvugu, vinazaana zaidi. Wewe uliviweka kwenye dumu, ukavisafirisha kwenye joto, kisha ukavifungulia mlango."

"Lakini mimi nilioga bahari, na sikuumwa."

"Ngozi yako haikuwa na jeraha. Ngozi nzima ni ukuta. Kidonda ni mlango ulio wazi. Watu wengi wanaoga baharini na hawapati shida. Lakini mwenye kidonda asiingie baharini, na maji yake yasiwekwe kwenye kidonda. Tena mwenye kisukari au ugonjwa wa ini akivipata vijidudu hivi, vinamwangusha haraka." Kisha akauliza, "Maji mengine yako wapi?"

Kwandu alishika mdomo. "Nimegawa! Chupa moja kwa Maganga wa samaki. Nyingine kwa Ng'washi, na Ng'washi ana mjukuu ambaye kitovu bado hakijadondoka!"

Salvatory alikuwa ameshaanza kubonyeza simu. Alimpata Maganga kwanza, akaweka spika ili wote wasikie.

"Ile chupa? Ninayo hapa kwenye baiskeli," alisema Maganga. "Leo nimechomwa na mwiba wa sato, nilikuwa nataka niiloweke mikono jioni."

"Usiiloweke! Mwaga, tena mbali na watu. Nawa mikono kwa maji safi na sabuni, kisha pita zahanati wakuangalie hicho kidole. Na kesho vaa glavu. Maji ya ziwa nayo yana vijidudu vyake, na miiba ya samaki inavipandikiza."

Kisha akampigia Ng'washi. Simu iliita kwa muda mrefu. Kwandu alikuwa anasali kimyakimya, amefumba macho.

"Haloo?"

Kwandu alimnyang'anya Salvatory simu. "Ng'washi! Yale maji ya bahari! Umempaka mtoto kitovuni?"

"Kitovuni? Aa, shoga yangu, samahani. Usinikasirikie. Niliyamwaga yote mlangoni siku ile ile uliyonipa. Niliambiwa maji ya bahari yanaondoa nuksi."

Kwandu alianza kucheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akatoka kuangalia kuna nini. "Wabeja, asante, Ng'washi," alisema. "Umefanya vizuri sana. Mtoto usimpake chochote kitovuni. Kikae kikavu na kisafi. Umesikia? Chochote!"

"Nimesikia. Mbona unapiga kelele hivyo?"

Mayunga alitoka upasuaji mchana. Mguu ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe mpaka juu ya goti. Kwenye ngozi, juu ya bandeji, daktari alichora mstari mpya. Kwandu na Domitila walikaa kwenye benchi, mmoja kila upande wa kikapu cha chakula ambacho hakuna aliyekigusa.

"Wifi," Kwandu alisema baadaye. "Jana ulitaka twende zahanati."

"Nilitaka."

"Kwa nini hukunikatalia?"

Domitila alikunja ncha ya kanga yake. "Ningekukatalia vipi, dada? Wewe ndiye mkubwa."

"Siku nyingine ukiniona nakosea, sema."

"Na utanisikiliza?"

Kwandu alitafakari kwa uaminifu. "Nitanuna kwanza. Halafu nitasikiliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Domitila kutabasamu tangu asubuhi.

Alhamisi asubuhi daktari alikuja kukagua. Aliinama kwenye mguu muda mrefu.

"Haujavuka mstari," daktari alisema. "Hata kidogo. Na homa imeshuka."

Kwandu aliteremka taratibu kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni. Furaha ilimjaa kiasi kwamba hakujali nani anamwona. Baada ya siku mbili majibu ya maabara yalirudi. Vilikuwa ni vijidudu vya baharini kweli, na dawa walizokuwa wanampa ndizo zinazoviua.

Mayunga alikaa hospitali wiki tatu. Kila siku kidonda kilisafishwa. Alifundishwa kula kwa mpangilio, kumeza dawa za kisukari na kukagua miguu yake kila jioni. Domitila alibaki kumhudumia. Kwandu alirudi Dutwa kuangalia ng'ombe na shamba. Jambo la kwanza alilofanya ni kulitoa lile dumu nyuma ya mlango. Alimwaga maji kwenye shimo la taka, akatoboa dumu kwa kisu ili lisitumike tena.

Habari zilikuwa zimeshafika kijijini. Watu walimsema, bila shaka. Kwandu hakujificha. Siku ya jumuiya ya kanisa, baada ya sala, alisimama mwenyewe akaeleza kila kitu. "Majuto ni mjukuu," alisema, "lakini mimi wa kwangu nimemwona mapema, namshukuru Mungu."

Januarius, fundi baiskeli, hakuwa amehudhuria jumuiya. Wiki iliyofuata alijikata kiganja kwa bati. Akaja mbio kwa Kwandu, damu inatiririka.

"Mayu, nasikia una dawa ya bahari. Nipatie kidogo!"

"Ile dawa ilitaka kuniulia mdogo wangu," Kwandu alisema. "Leta mkono hapa."

Alibonyeza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikapungua. Akafungua bomba la uani, akaacha maji yatiririke kwenye mkono muda mrefu, huku akiosha kwa sabuni pembeni ya jeraha mpaka uchafu ukatoka. Akafunika kwa kitambaa kingine safi, kikavu. Hakupaka majivu, wala dawa ya meno, wala kitu kingine. Kisha akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Januarius aliuliza.

"Tunakwenda zahanati, mimi na wewe. Bati lina kutu. Unahitaji sindano ya pepopunda."

"Kwa kidonda hiki kidogo?"

"Cha Mayunga kilikuwa kidogo kuliko hicho. Tangulia."

Januarius alishonwa nyuzi nne, akachomwa sindano. Baada ya siku kumi nyuzi zilitolewa. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, bila usaha hata tone.

Mayunga aliruhusiwa siku ya Jumamosi. Kwandu alimsubiri barabarani, pale mabasi yanaposimama. Aliwahi kufika kwa saa mbili nzima. Basi liliposimama, Domitila alishuka na mizigo. Kisha Mayunga akashuka, mguu wa kushoto kwanza, halafu wa kulia. Alikuwa amekonda. Kwenye muundi palikuwa na kovu refu, limeingia ndani kidogo.

"Mwadila, dada."

"Mwadila, baba." Sauti ya Kwandu ilikuwa ndogo. "Nimeleta baiskeli. Panda nikusukume."

"Sipandi. Daktari ameniambia nitembee." Mayunga alimtazama. "Domitila amenisimulia ulivyosema mbele ya watu wote. Ungenyamaza, leo ningeshuka na magongo. Au nisingeshuka."

"Mimi ndiye niliyekumiminia."

"Na wewe ndiye uliyesema. Yameisha, dada. Haya, tangulia, wewe mkubwa. Twende nyumbani."

Kwandu alitikisa kichwa. "Leo tangulia wewe."

Mayunga alicheka, akashika njia. Domitila akamfuata na kikapu kichwani. Kwandu alibaki nyuma, akisukuma baiskeli isiyobeba mtu. Hakuwaambia kwa nini. Alitaka kuitazama ile miguu miwili ikipishana, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, na aliitazama hivyo mpaka walipofika nyumbani.